Taa Chumbani kwa Mzee Massoudi

"Mi nitaozeshwa na baba," Sumaya alisema. "Kwa mdomo wake mwenyewe."

Kaka yake Rachid aliacha kutafuna. Walikuwa mezani, nyumbani kwa Rachid huko Kinindo, na sahani ya samaki wa mukeke ilikuwa katikati yao ikipoa.

"Sumaya, jana baba amenisalimu 'habari za leo, muheshimiwa'. Mi, mutoto wake wa kwanza! Muheshimiwa!"

"Si amekuheshimu? Wengine wanaitafuta hiyo heshima na hawaipati."

Rachid akacheka bila kutaka, kisha akanyamaza, maana jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Sumaya alikuwa anaolewa. Khaled, fundi wa magari wa Buyenzi, mwanamume mpole mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha hata kwa sabuni ya namna gani, alikuwa amemsubiri muda mrefu kuliko wanaume wengi wangevumilia. Siku ilikuwa imewekwa. Shehe Abdu alikuja, akanywa chai yake taratibu, akawaeleza: anayemwozesha mwanamke ni baba yake, na baba huyo lazima ajue anamwozesha nani na kwa nani. Siku ikifika mzee akiwa na fahamu zake, ataozesha yeye. Akiwa hana, kaka mtu atasimama mahali pake, na dini haina tatizo.

Dini haikuwa na tatizo. Tatizo alikuwa nalo Sumaya.

Yeye ndiye aliyebaki na baba kule Ruziba baada ya mama yao kufariki, wakati Rachid anahangaika na duka lake la vipuri mjini. Yeye ndiye aliyemwona akianza kupotea kidogo kidogo, leo jina la jirani, kesho njia ya msikitini. Na walipohamia wote kwa Rachid, ni yeye aliyemwosha, akamlisha, akamtafutia viatu alivyovificha ndani ya sufuria. Muda wote huo baba alimwita "mama", au "we mwanamke wa humu ndani", au hakumwita kitu. Sasa alitaka mara moja tu, mbele za watu, baba yake amtaje kwa jina lake. Baada ya hapo asahau akipenda. Jamani, ni jambo kubwa hilo? Alijiuliza hivyo kila akifua shuka za mzee, na kila mara alijijibu kwamba wala si kubwa.

Lingekuwa haliwezekani kabisa angelimeza na kunywa maji. Kilichomtesa ni kwamba liliwezekana. Kulikuwa na asubuhi, moja moja, ambazo Mzee Massoudi alitoka chumbani uso umekunjuka, akaomba maji ya kutawadha, akamtazama binti yake akasema, "Sumaya, mbona umekonda? Rachid hanunui chakula humu?" Siku hizo nyumba nzima ilishangilia. Na hapo ndipo kila mtu alijitwalia sifa. Rachid alisema ni vile vidonge vya vitamini alivyomnunulia. Bi Asiya, jirani wa ng'ambo ya ukuta, alisema ni asali yake aliyoisomea dua. Sumaya hakusema, lakini moyoni alijua ni mchuzi wake wa mukeke. Walibishana, wakacheka, wakatoa sadaka, na kesho yake mzee akaamka hajui mlango uko wapi.

Khaled alikuwa akipokelewa vizuri kuliko wote. Kila akija, mzee alimwangalia mikono, akamuuliza, "Umekuja kuchukua karabai?"

"Ndiyo, mzee."

"Haijapona. Rudi kesho."

"Sawa, mzee. Nitarudi."

Na kweli kesho yake alirudi. Unadhani Sumaya alimpendea nini?

Hizo karabai, taa za mafuta, zilikuwa kazi ya mzee. Enzi zile, kabla ya taa za betri, wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, wa Ruziba walikwenda ziwani usiku na karabai zimening'inizwa kwenye mitumbwi, ndagala wakiona mwanga wanapanda juu, nyavu zinawazoa. Lakini karabai ni kitu cha kubembelezwa. Inataka kupigwa pampu, inataka kukingwa upepo, utambi wake ukitikiswa vibaya unakatika. Ikizimika, samaki wanatawanyika, na chombo kizima kinarudi nyumbani na matusi tu. Kwa hiyo kila chombo kilikuwa na mtu wa taa, na mtu wa taa aliyesifiwa pwani yote ile alikuwa Massoudi. Wenye vyombo walimgombania.

Ndivyo alivyozeeka. Sasa alikaa kwenye kiti cha kamba barazani kwa mwanawe, kidevu kifuani, akisinzia tangu asubuhi hadi magharibi, na akishtuka alikuwa hajui yuko nyumba ya nani.

Ndipo Sumaya alipompeleka kwa Dokta Ernestine, huko Mutanga Nord. Ni mama mmoja mnene, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, asiyekuwa na haraka na mtu. Alimpima mzee, akacheza naye maswali, akamwacha aseme mwaka autakao. Kisha akamgeukia Sumaya.

"Usiku analala?"

"Eh, dokta, analala sana. Akikaa tu kwenye kiti, kwisha."

"Hiyo ni mchana, dada yangu. Nimeuliza usiku."

Sumaya akafikiri. Chumba chake kilitazamana na cha baba. Kila alipoamka kwenda kumchungulia alimkuta amekaa kitandani, mgongo wima, mikono magotini, ametulia. Na kwa kuwa hakuwa anapiga kelele wala hatoki kutangatanga, Sumaya alishukuru Mungu akarudi kulala. "Anakaa," akasema. "Hasumbui mutu. Anakaa tu."

Dokta Ernestine akavua miwani. "Sikiliza. Ugonjwa wake siwezi kuutoa, nisikudanganye. Lakini mutu mwenye ugonjwa huu asipolala, akili inamuelemea mara mbili. We mwenyewe ukikesha, kesho yake si unatafuta funguo na uko nayo mkononi? Sasa yeye mwenye akiba ndogo itakuwaje? Tunamuona amechanganyikiwa, lakini hatujui kiasi gani ni ugonjwa na kiasi gani ni kukosa usingizi. Ya ugonjwa hatuiwezi. Hii ya usingizi, tujaribu."

Vidonge vya kulaza hakutaka kumpa, maana vinawalewesha wazee wanaanguka. Alisema mzee atembezwe juani asubuhi, asiachwe kusinzia mchana kutwa, na chai ya rangi iishie adhuhuri. Halafu muangalie, akasema, kuna kitu gani kinamkalisha macho.

Sumaya alirudi Kinindo na matumaini tele. Alimtembeza baba yake asubuhi chini ya kuta za watu wenye magari, wakisalimia walinzi. Mchana, ili asisinzie, alimpa maharage achambue. Mzee akachambua kwa bidii, akatupa maharage, akaweka mawe, na siku hiyo Rachid nusura avunje jino. Chai ilifungiwa kabatini. Yote hayo yalifanywa, na bado usiku mzee alikaa wima kitandani kwake, mikono magotini.

Sasa, kuhusu taa ya chumbani kwake. Mzee alipoletwa kwa Rachid, siku za mwanzo aliamka gizani akajigonga kwenye kabati, akapasuka juu ya jicho, damu ikamwagika, nyumba nzima ikachanganyikiwa. Tangu hapo balbu ya chumbani kwake haikuzimwa usiku, ili aone anapokanyaga. Na kwa kuwa umeme wa mjini una tabia zake, Rachid siku moja akarudi na kifurushi, uso unang'aa.

"Hii ina betri yake ndani," akasema, akipanda kwenye kiti kuifunga balbu mpya. "Umeme ukikatika, yenyewe inaendelea mupaka asubuhi! Na mwanga wake, angalieni mwanga wake!"

Kweli, mwanga wake ulikuwa mweupe kupita ule wa zamani. Wote wakamshukuru. Sumaya akamwambia Mungu akuzidishie kaka, na alimaanisha, maana Rachid alikuwa na roho nzuri, ila ni mtu wa kununua kwanza kisha kufikiri.

Baada ya hapo zile asubuhi njema zikakoma. Hakuna moja iliyorudi. Mzee alizidi kuzama. Alikuwa akila mkono unasahau njia ya mdomo. Siku ya harusi ilikuwa inakuja mbio, na Rachid, kwa sauti ya chini kabisa ili asimuumize, akaanza kumuuliza Shehe Abdu maneno ya kuozesha yanakwendaje. Sumaya aliwasikia kutoka jikoni. Aliingia bafuni, akafungua bomba ili wasimsikie, akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akanawa uso akaenda kumlisha baba yake.

Siku chache kabla ya harusi, alasiri moja, alimchukua mzee kwenda Ruziba kumwalika Mzee Pontien. Pontien alikuwa mwenye chombo, na Massoudi alikuwa mtu wake wa taa kwa miaka mingi. Mmoja Mkristo, mmoja Mwislamu, na wote wawili walikuwa wakorofi wa kupindukia ujanani, kwa jinsi Pontien anavyosimulia, ila huyo Pontien naye hutia chumvi. Waliketi kwenye kibanda chake cha mabati, karibu na pale ndagala wanapoanikwa. Mzee Massoudi alilaza kichwa ukutani mara moja.

"Amechoka sana rafiki yangu," Pontien akasema. Alikuwa na taa zake za betri kwenye beseni, anazijaribu moja moja kabla vijana hawajaenda ziwani. Akabonyeza moja. Ikawaka.

Kichwa cha Mzee Massoudi kikainuka. Mgongo ukanyooka. Mikono ikashuka magotini ikatulia, na macho yake, yale macho yaliyokuwa yamejaa utando, yakaganda kwenye taa.

Sumaya alimpa Fanta. Akaisukuma pembeni bila kuitazama.

"Baba? Kunywa kidogo."

"Nyamaza wewe," mzee akasema. "Upepo huu."

Pontien akacheka hadi akakohoa. "Mwache, mwanangu, yuko kazini! Sisi wengine tulikuwa tunajilaza kwa zamu kule ziwani, tunakoroma kabisa. Yeye apana. Taa ikiwa inawaka, Massoudi hafungi jicho, hata umuchape. Tukiizima karibu na alfajiri, anaanguka hapo hapo juu ya nyavu, unadhani amekufa." Na huku anacheka akaizima ile taa, aiweke kando.

Mzee Massoudi akashusha pumzi ndefu. Akaegemea mabati, na hazikupita dakika, akalala.

Sumaya alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Mgongo ule wima. Mikono ile magotini. Alikuwa ameiona kila usiku, tangu walipohamia Kinindo, akaiita utulivu.

"Mzee Pontien," akasema, "washa tena, nakuomba."

Pontien akamshangaa, akawasha. Macho ya baba yakafunguka.

"Zima."

Yakafumba.

Sumaya akashika kichwa kwa mikono miwili. "Toba, toba! Tumemuweka kazini! Kila usiku tunamuweka kazini, mupaka asubuhi, na hakuna mutu wa kumuzimia!"

Alilia palepale mbele ya Pontien, na katikati ya kulia akaanza kucheka, na Pontien asijue ampe pole au hongera. Mwishowe akampa ndagala wakavu wa kwenda nao nyumbani, kwani ndicho alichokuwa nacho karibu.

Nyumbani, Sumaya aliposema taa izimwe, Rachid hakuamini mara moja. "Na akijigonga tena gizani?"

"Kaka, kumbuka ile siku baba amekuuliza habari ya duka, akakutajia mupaka jina la muuzaji wako. Usiku wa kuamkia siku ile umeme haukukatika?"

Rachid akakunja uso. Alikumbuka. Nyama yote ya friji iliyeyuka, ikabidi ipikwe asubuhi ile ile na kugawiwa majirani, na mzee alikula kwa raha akimtania mwanawe kwamba amekuwa mkarimu ghafla. "Ulikatika," akasema polepole.

"Na ile siku ameniuliza mbona nimekonda?"

Rachid akaketi. Alitazama mikono yake. "Kwa hiyo ni mi," akasema. "Hata ile nafasi ndogo ya umeme kukatika, mi nimeiziba. Nimeinunua na pesa yangu."

"Umeinunua na mapenzi yako," Sumaya akamwambia. "Mi mwenyewe si nilikupigia makofi? Haya, inuka, panda kwenye kiti."

Rachid akapanda, akaichomoa ile balbu. Kabati la kugonga watu wakalitoa nje. Kitanda wakakiondoa, wakaweka godoro chini, ili mzee hata akibingirika abingirike salama, na ndoo ya haja pembeni pale mkono unapofikia. Ilibaki taa ya Bi Asiya, ile ya ukutani ya kutishia wezi, iliyokuwa inamulika moja kwa moja dirishani kwa mzee. Sumaya alikwenda kumwomba kwa aibu. Bi Asiya hakumwacha amalize.

"Wezi waje," akasema. "Watakuta nini, asali? Nazima leo hii."

Usiku huo kaka na dada walisimama kwenye korido bila viatu, masikio mlangoni. Kwanza kimya. Halafu mzee akajigeuza kwenye godoro. Halafu mkoromo ukaanza, mzito, wa mtu aliyekuwa anaudai siku nyingi. Rachid alimkumbatia dada yake, jambo ambalo hakulifanya tangu wakiwa watoto, na akaomba msamaha tena, na Sumaya akamziba mdomo asije akamwamsha mzee.

Haikuwa miujiza. Dokta Ernestine alifurahi sana aliposikia, akapiga meza, lakini akawaambia wasije wakajidanganya: ugonjwa upo, na utaendelea na njia yake. Hiki mlichokirudisha ni kile ambacho kukosa usingizi kulikuwa kunamwibia juu ya ugonjwa. Basi Sumaya akasema hicho hicho kinamtosha. Siku ya kwanza mzee alilala hadi jua limepanda, akaamka mzito bado. Siku zilizofuata uso ulianza kurudi. Mkono ulikumbuka mdomo. Asubuhi moja alimwangalia Khaled kwa makini.

"Nimekuja kuchukua karabai, mzee," Khaled akamsaidia, kwa mazoea.

"Karabai gani? We si fundi wa magari? Umekuja kwa binti yangu, usinizungushe."

Khaled akaangusha kikombe, na kwa mara ya kwanza katika uchumba ule aliona haya.

Lakini ilikuwa asubuhi tu. Ikifika alasiri ukungu ulimrudia, akaanza kuuliza wako wapi wenye nyumba. Na harusi ilikuwa imepangwa baada ya alasiri! Sumaya alimwendea Shehe Abdu, akamweleza. Shehe akasema saa haina dhambi, ndoa itafungwa asubuhi. Ndugu zake Khaled walinung'unika, watu wamekwisha alikwa, wengine wanatoka mbali. Khaled akawaambia anayetaka pilau atawahi. Mambo yakaisha.

Kubwa zaidi lilikuwa la mkesha wenyewe. Wote mnajua nyumba ya harusi inavyokuwa usiku wa mwisho. Taa kila pembe, masufuria, ngoma, wanawake wanaimba hadi sauti zinakauka, na bi harusi katikati amepakwa hina. Sumaya aliuota usiku huo tangu msichana. Alikuwa amehudhuria ya rafiki zake wote, akiwaimbia, akiwapikia, akirudi kwa baba. Sasa akawaita wanawake, akapiga moyo konde, akawaambia: kwangu hakutakuwa na mkesha. Magharibi ikiingia, nyumba izimwe.

"Harusi gani hiyo isiyo na vigelegele?" mmoja akauliza. "Au tumekuja msibani?"

Bi Asiya akasimama. "Vigelegele vitakuwapo mchana, na tutaimba sasa hivi jua likiwa juu, kama kuna mwenye sauti. Masufuria yote yahamie kwangu. Huyu mutoto hajawahi kutuomba kitu."

Na ndivyo walivyofanya. Waliimba mchana kweupe, jasho linawatoka, wakampaka Sumaya hina huku wanacheka kwamba hii ni harusi ya wafanyakazi wa ofisi. Jua lilipozama wakatoka mmoja mmoja, viatu mkononi, wakavuka kwa Bi Asiya kukatakata vitunguu, na mtu akicheka kwa nguvu wenzake walimfinya. Sumaya alikaa dirishani gizani na hina yake inakauka. Alisikia visu vikigonga mbao ng'ambo ya ukuta, taratibu, kwa adabu, na chumba cha pili baba yake akikoroma. Alitaja kila jina la wanawake wale, akamwombea kila mmoja kwa Mungu wake, na alipofika mwisho akaanza tena.

Asubuhi wanaume walijaa sebuleni. Sumaya alikaa chumba cha ndani na wanawake, pazia la mlango limeshushwa, Bi Asiya amemshika mkono. Alimsikia Rachid akimketisha baba. Alisikia kanzu ikinyooshwa. Alisogeza sikio karibu na pazia asikose neno hata moja.

"Mzee Massoudi," Shehe Abdu akasema, "unajua leo tumekusanyika kwa jambo gani?"

"Shehe, nimevalishwa kanzu mpya, nimepakwa mafuta, na pilau inanukia mupaka huku. Mi si mutoto mdogo."

Sebule ikacheka. Shehe akasubiri kicheko kishuke, akauliza tena, kwa upole lakini kwa kazi yake: "Unamwozesha nani, na kwa nani?"

"Kwa huyu Khaled. Fundi. Mikono michafu, roho safi."

Hakumtaja bi harusi. Sumaya aliona hivyo, na Bi Asiya aliona hivyo, maana alimkaza mkono. Shehe akauweka mkono wa mzee ndani ya mkono wa Khaled, akamwambia sasa aseme.

"Nimekuozesha," Mzee Massoudi akaanza, "binti yangu..."

Kimya.

Mtu akakohoa. Nyuma ya pazia Sumaya alifumba macho. Ameshindwa, akawaza, basi, amefika mpaka hapo, na hapo si haba, Alhamdulillah. Alisikia kiti cha Rachid kikilia, Rachid anasogea mbele amsaidie, amtajie jina sikioni. Kisha akasikia mzee akimzuia.

"Ngoja, Rachid. Jina ninalo. Ninatafuta la kuongeza."

Akavuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa na machozi ndani, lakini haikutikisika.

"Nimekuozesha binti yangu Sumaya, huyu aliyenichunga wakati mi sikuwepo."

Maneno hayo hayamo katika yale Shehe Abdu anayowafundisha watu, ila hakuyaondoa. Aliuliza tu kama ni kwa mahari waliyopatana, mzee akasema ndiyo, Khaled akajibu amekubali, na alijibu mara mbili kwa sababu ya kwanza haikusikika.

Nyuma ya pazia hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Walimtazama Sumaya, wakingoja. Alikuwa ameinamisha uso juu ya mikono yake yenye hina. Zile siku zote za "mama", na "we mwanamke wa humu ndani", alidhani anamwosha mtu asiyejua nani anamwosha.

"Kumbe alikuwa anajua," akamwambia Bi Asiya. "Alikuwa anajua."

Ndipo Bi Asiya alipoinua kichwa, akapiga kigelegele, na wengine wote wakamfuata.